Kopo Halizungushwi

Oldonyo Sambu,
11 Machi 1995

Shangazi Penina mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili, nakusihi utazame kama uko peke yako. Kama kuna jirani jikoni, mtume maji mtoni, kisha ufunge mlango. Haya nitakayoandika nimeyabeba moyoni tangu Krismasi, na neno moja tu likivuka kizingiti chako likafika Machame kwa Baba, mimi nimekwisha. Baba ni kaka yako, unamjua kuliko mimi. Ukishasoma, iweke barua hii mahali ambapo hata panya hawafiki.

Mimi ni mzima. Mvua imeanza huku mlimani na ofisi yetu inavuja juu ya meza yangu, si juu ya meza ya hakimu. Kazi ya ukarani katika mahakama hii ya mwanzo inaendelea. Naandika kesi za ng'ombe walioingia shambani, za mipaka iliyosogea usiku, na za akina mama waliokamatwa wakipika pombe bila leseni. Kila nikiandika jina la mama wa namna hiyo nakukumbuka wewe na mbege yako, halafu naona aibu, halafu naona aibu kwa kuona aibu.

Sasa neno lenyewe. Kuna mwalimu wa shule ya msingi jirani na mahakama, anaitwa Namnyaki. Ni Mwarusha, Mlutheri kama sisi, na akicheka darasani hakimu huacha kusoma hukumu. Tumepatana. Nikaenda kwa baba yake, Mzee Solomoni wa Kisongo, kujitambulisha. Nilisikia kwamba mchumba huenda na kinywaji, nami kwa kuwa siku hizi maduka ya Arusha yamejaa kila kitu, nikanunua katoni mbili za bia ya kopo kutoka nje, ile yenye picha ya simba. Nilidhani nimewaheshimu.

Wazee walikuwa wanne. Waliyatazama makopo kama watu wanaotazama redio iliyoharibika. Mmoja, Mzee Sadoki, kaka mkubwa wa Mzee Solomoni, aliligeuzageuza moja akauliza, "Hii mlango wake uko wapi?" Nikalifungua ili nimwonyeshe, povu likaruka likamlowesha shuka. Walishukuru. Wakaweka katoni kando ya ukuta, tukazungumza habari za malisho mpaka nikaaga.

Wiki iliyofuata Namnyaki akaniletea katoni zote mbili pamoja na ujumbe wa baba yake: "Kijana akija tena, aje na kinywaji."

Nilikwenda nacho, Shangazi! Nimemwuliza Namnyaki, anashika mbavu kwa kucheka, kisha anasema si kazi ya msichana kumfundisha mwanamume namna ya kumwomba yeye mwenyewe. Na mimi maisha yangu yote sijaonja kitu kilichochacha isipokuwa divai ya meza ya Bwana. Unajua Baba anavyohubiri. Mwinjilisti ambaye hajawahi kukaa uani kwako siku ya mbege, atasemaje akisikia mwanawe anabeba katoni za bia?

Nisaidie. Nimekosea wapi? Na unithibitishie kwamba Baba hajui.

Mwanao mwenye hofu,
Abdiel


Kibosho,
2 Aprili 1995

Mwanangu Abdiel,

Marahaba. Barua yako imefika imeloa, lakini wino wako ni mzuri, haukutoka. Huku wote wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike. Upepo umeangusha migomba mingi, kwa hiyo ndizi zimeiva kwa pamoja na mimi napika mbege mpaka macho yananiwasha kwa moshi. Goti langu la kushoto linanikumbusha umri, la kulia bado halijaambiwa.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Wamekuambia kweli: hukwenda na kinywaji.

Kopo ni la mtu mmoja. Analifungua, analimaliza, analitupa. Wazee wanapopokea neno zito kama la mke, kibuyu ni kimoja na kinazunguka. Kila mmoja anaweka mdomo alipoweka mwenzake. Mwenye kinyongo hukipitisha bila kunywa, na wote wanamwona, kisha wanamwuliza ana nini. Ndivyo wanavyojua kama wamekubaliana. Sasa wewe umempa kila mtu la kwake akalinywe kwenye kona yake. Wangejuaje nani amekubali? Kopo halizungushwi, mwanangu. Sisi ni mbege, wao ni pombe ya asali, lakini hilo ni moja.

Kuna jingine litakalokutoa jasho. Pombe ya kuomba mke huonjwa kwanza na upande ulioileta, mbele ya wote, ili ionekane kwamba haina dawa na walioileta hawana hila. Ukikunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini, watasema umewaletea kitu ambacho mwenyewe hukipendi.

Kwa hiyo jifunze. Chukua Jumamosi moja na Jumapili yake ushuke mjini. Ule kwanza, ushibe. Zunguka, uonje ya huyu na ya yule, kidogo kidogo. Tazama povu kabla ya kunusa, nusa kabla ya kunywa. Ikiwa mdomoni iache ikae, usiimeze kama mtu anayekimbizwa. Iliyopikwa vizuri ikishashuka inarudi kukusalimia. Mbaya inakaa kooni inakudai. Usiogope uchungu, uchungu ndio uti wa mgongo wa pombe. Gongo usiguse hata kwa kidole. Halafu umtafute mpika pombe ya asali mwenye mkono, umweleze ni ya kazi gani. Mimi asali siijui, nisije nikakudanganya.

Mpe huyo mwalimu salamu zangu. Anayejua kucheka atakufaa, maana wewe hujui.

Shangazi yako,
Penina


Oldonyo Sambu,
8 Mei 1995

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti la kulia bado halijaambiwa. Huku tu wazima, paa la ofisi limezibwa, sasa linavuja juu ya hakimu. Mama aliniandikia kwamba Baba alihubiri Pasaka kwa saa nzima na nusu. Hakuandika lolote zaidi, nami nimeisoma barua yake mara nyingi nikitafuta kama kuna kitu kimefichwa. Hukunijibu kuhusu Baba. Tafadhali nijibu.

Nimekwenda mjini kama ulivyoniagiza. Lakini nilianza kwa kosa. Nilifikiri, mtu wa kanisani akiniona nikiingia kilabuni atasema nini? Nikavaa koti la kazi, nikabeba faili la mahakama kwapani, ili nionekane nimetumwa.

Nilianzia Kijenge, kwa Mzee Elinaza, mtu wa Rombo mwenye kilabu cha mbege. Uani walikuwepo watu kama ishirini, wanacheka. Nilipoingia, kicheko kilikatika. Kata zote za mbege zikazama chini ya mabenchi. Bwana mmoja aliikalia yake. Wawili wakatoka kwa mlango wa nyuma bila haraka, kama watu waliokumbuka kufua nguo. Mzee Elinaza akanijia anapangusa mikono.

"Karibu, mheshimiwa. Leseni ipo, choo kipo, na tunafunga saa ile ile iliyoandikwa."

"Nimekuja kunywa," nikasema.

"Kunywa nini?"

"Mbege."

Akatazama faili. "Na huyo naye anakunywa?"

Uani wote ukalipuka. Aliyekalia kata akainuka na suruali imelowa, akapiga kelele, "Karani, hii utanilipia!" Wakanisogezea benchi. Nikatazama povu, nikanusa, nikaiacha ikae mdomoni. Shangazi, ni nzito kama uji, inaanza na ndizi, inachacha, na mwishoni unakuja uchungu wa magome yanayotiwa humo, unaoshika ulimi pande zote mbili. Nikakunja uso. Mzee Elinaza akasema, "Huyo ni Mmachame wa kitabu," lakini aliniongezea.

Kutoka pale nikaelekezwa nyumba ya tatu, kwa kijana Rodrick. Huyu alikuwa fundi wa kiwanda cha umma kilichouzwa, wakampunguza. Sasa anapika pombe ya ndizi, anaichuja kwa kitambaa cheupe mara kadhaa mpaka inang'aa, anaitia kwenye chupa za soda na kubandika karatasi aliyoiandika kwa mkono: *Mwangaza wa Meru*. Nilimwuliza kama haogopi. "Kuogopa nini, bosi? Si ndiyo soko huria? Zamani nilikuwa nasubiri mshahara, sasa nasubiri povu." Anapika ya namna tatu, moja ina tangawizi. Hiyo ya tangawizi ilirudi kunisalimia, Shangazi, kama ulivyosema! Nilifurahi hata nikamshika mkono kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Jioni niliingia hosteli ya kanisa, maana ndiyo malazi pekee ninayoyajua mjini, nikatafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Nadhani niliimba ukumbini. Mlinzi aliniambia, "Bwana asifiwe, ndugu, leo umebarikiwa." Nikasema ndiyo.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Sombetini, kwenye nyumba mpya za matofali ya saruji ambazo hazijapigwa plasta, kumtafuta mama anayesifiwa kwa pombe ya asali. Nilipoinama mlangoni, sauti ikasema, "Wewe! Si karani wewe?"

Ni Sabina, aliyekuwa anaishi huku kwetu mlimani. Mwaka juzi nililiandika jina lake, kosa la kupika bila leseni.

"Ndiye mimi, Mama. Naomba radhi."

"Radhi ya nini? Uliliandika kwa mwandiko mzuri, sijawahi kuona jina langu limependeza vile. Tena hakimu aliponitoza faini, mimi sikulia. Aliyelia ni wewe."

"Ilikuwa mafua," nikasema.

"Mafua ya jicho," akasema, na wateja wake wakapiga makofi. Kisha akanionyesha ukutani. Leseni imewekwa kwenye fremu, katikati ya picha ya harusi na kalenda. "Isome kwa sauti, wajue sikuighushi." Nikaisoma yote, hata muhuri.

Nikamweleza shida yangu. Aliposikia jina la Mzee Solomoni akapiga mluzi. "Yule anaijua pombe kabla hujafika getini kwake. Na Sadoki je? Shuka lake limekauka?" Kumbe habari ya makopo imefika mpaka Sombetini.

Akanipa ya asali. Nilitegemea utamu, lakini utamu umekwisha kuliwa, umebaki ule moshi wa mzinga na harufu ya maua, na chini yake uchungu wa mizizi. Kila nikimeza, wateja wananitazama usoni kama wanaotazama penalti. "Pua!" wanasema. "Amekunja pua. Tena." "Safari hii jicho la kushoto." Mpaka mwisho nikanywa na uso ukatulia, wakanishangilia kama nimefunga goli. Mama Sabina amekubali kunipikia. Sharti lake ni kwamba asali ataichagua mwenyewe, nami niwe naenda kukaa karibu na mtungi, maana anasema pombe ya mchumba haipikwi mchumba akiwa ofisini.

Shangazi, sijawahi kufurahi namna ile tangu nizaliwe, na ndiyo maana naogopa. Mzee Solomoni ametupa siku: Jumamosi ya tarehe nane Julai. Akikataa safari hii, Namnyaki anasema hapatakuwa na ya tatu.

Baba hajui, sivyo?

Abdiel


Kibosho,
29 Mei 1995

Mwanangu,

Marahaba. Huku kuna baridi na kahawa imechanua vibaya. Mengine ni mazuri.

Nimeisoma barua yako, kisha nikaisoma tena kwa sauti, maana hiyo ya faili haifai kusomwa kimya. Umejifunza. Huyo Sabina msikilize kuliko mimi. Ukienda kwake mpelekee sukari na majani ya chai, usiende mikono mitupu.

Lakini umesahau jambo. Mchumba hajisemei. Mara ya kwanza ulijisemea na wakakuvumilia kwa kuwa walikuwa wanakutazama tu. Safari hii anatakiwa mtu mzima wa ukoo atakayesimama, atoe neno, na kuonja. Nimempata mtu. Asubuhi ya siku hiyo msubiri pale magari ya Kisongo yanaposhusha watu. Atakuja. Usiniulize ni nani.

Umeuliza tena habari za baba yako. Ndama anaendelea vizuri sana.

Penina


Oldonyo Sambu,
14 Juni 1995

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mu wazima wote pamoja na ndama.

Ni nani? Kama ni binamu yako wa Uru, yule akinywa anahutubia. Kama ni mume wa Mama Mdogo, hawezi kukaa mahali bila kubishana habari za ng'ombe, na hao ni watu wa ng'ombe. Silali. Jana niliandika jina la mshtakiwa mahali pa jina la hakimu, na ikabidi nianze karatasi upya.

Pombe iko mtunguni. Mama Sabina ananikalisha hapo kila Jumapili, nasikia inavyochemka yenyewe bila moto, kama watu wanaonong'ona. Anasema itakuwa tayari.

Nijibu walau jina.

Abdiel


Oldonyo Sambu,
12 Julai 1995

Shangazi,

Shikamoo, ingawa nimejiuliza siku hizi zote kama unaistahili. Hukujibu hata mstari. Sasa najua kwa nini.

Nilisimama Kisongo na kibuyu cha Mama Sabina nimekifunika kwa kitenge. Magari mawili yakashusha watu, simjui yeyote. La tatu likasimama, akashuka Baba.

Amevaa ile suti nyeusi ya ibada, kofia kichwani, Biblia mkononi. Miguu yangu ilitaka kwenda Monduli bila mimi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kiko wapi?"

"Nini, Baba?"

"Kibuyu, Abdiel. Au umeleta makopo tena?"

Shangazi! Ulimsomea barua yangu ya kwanza siku ile ile ilipofika! Ulishuka nayo mpaka Machame na lile goti! Amenieleza tukiwa tunatembea. Anasema alikasirika mpaka Kwaresima ikaisha, kisha ukamsomea ya Mzee Elinaza, akacheka, na alipomaliza kucheka akaona aibu kwamba mwanawe anamwogopa yeye kuliko anavyomwogopa hakimu. Nikambebea Biblia, akanibebea kibuyu. Ndivyo tulivyoingia kwa Mzee Solomoni, na watu wote njiani walitutazama.

Wazee walikuwa wale wale wanne. "Sopai," Mzee Solomoni akasalimu. Baba akajibu "Ipa" kama mwenyeji, sijui alijifunzia wapi. Akakaa, akauliza habari za ng'ombe, za mvua, za watoto, bila haraka, kama hatukuja kwa neno lolote. Kisha akasimama akasema alilokuja kusema. Sikujua kwamba ananijua vile. Alisema, "Mwanangu ni mwoga. Lakini mwoga huyu alitembea mji mzima akijifunza kuwaheshimu ninyi, na kila hatua alikuwa anaogopa. Mimi sijui ushujaa mwingine."

Mzee Solomoni akakifunua kibuyu, akanusa, akafumba macho. "Nani anaonja?"

Nikanyoosha mkono. Baba akaushika akaurudisha chini. Ndipo Mzee Sadoki akasema, "Huyu ni mtu wa Kanisa. Nimemsikia kwa masikio yangu kwenye mkutano akiikemea pombe. Tusimtie aibu. Aonje kijana."

Ilikuwa njia nzuri ya kutokea, Shangazi, nami nilimwombea Baba aipite. Akavua kofia. "Ninaikemea kwa sababu baba yangu aliinywa mpaka shamba letu likaisha, na mimi na dada yangu tukasoma kwa mbege aliyoipika mama yetu ili alipe karo. Nimekulia katikati ya hayo mawili. Lakini sijawahi kukemea watu kukubaliana." Akaomba sala, fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akiomba. Akanywa. Si kugusa midomo. Akanywa, uso haukukunjika hata kidogo, akauliza:

"Nyuki wa wapi hawa?"

Mzee Solomoni akacheka mpaka fimbo ikamwanguka. "Huyu anajua! Leteni viti vizuri!"

Kibuyu kikazunguka. Mzee Solomoni akanywa. Wa pili akanywa. Kikafika kwa Mzee Sadoki, akakishika mapajani, akatulia. Kuku walikuwa wakilia nje, ghafla niliwasikia wote. Akaniinulia macho.

"Ni wewe uliyenilowesha shuka?"

"Ni mimi, Mzee. Naomba radhi."

"Kitu kile kiliniruka usoni kama paka."

"Ndiyo, Mzee."

"Usiniletee tena mnyama wa namna ile."

"Sitaleta, Mzee, mpaka nife."

Akanywa. Akanywa tena. Wa nne ikabidi amnyang'anye, na Mzee Sadoki akalalamika kwamba kaka mkubwa anatakiwa ahakikishe mara mbili. Ndani, mama yake Namnyaki akapiga kigelegele, na nyuma yake nikasikia kile kicheko kinachosimamisha hukumu.

Wamekubali, Shangazi. Nimeandika neno hili na sasa nalitazama.

Tukirudi, nilimwuliza Baba atafanyaje na Kanisa. Akasema Jumapili atamweleza mchungaji mwenyewe kabla mchungaji hajaelezwa na wengine, na akisimamishwa kuhubiri kwa muda atakaa benchi la nyuma, aone kwa macho yake wanavyosinzia. Alikuwa amechangamka. Mpaka stendi alikuwa bado anazungumza habari za asali.

Sasa jiandae. Mzee Solomoni amesema wao wametuonjesha mila yao, na Jumamosi ya tarehe tano Agosti wanataka kuonja ya kwetu, na mpishi aje mwenyewe. Madumu mawili ya mbege yatatosha, ingawa Mzee Sadoki amesema matatu. Panda gari la kwanza kutoka Moshi, lile linaloondoka kabla ya jua, ukae karibu na dirisha ili madumu yapate hewa yasije yakafyatuka. Arusha stendi usiwape wabeba mizigo hata kama wanakuita mama. Chukua gari la Kisongo, ukishapita uwanja wa ndege mwambie kondakta akushushe sokoni. Hapo geukia upande wa mlima, ufuate njia ya ng'ombe inayopanda, iliyo pana, si ile nyembamba ya mbuzi. Goti likichoka, kaa, wala usione haya.

Usiulize nyumba ya karani, hapo hawamjui mtu huyo. Uliza mkwe wa Solomoni yuko wapi. Mimi ndiye. Mtu yeyote atakuleta mpaka mlangoni.

Abdiel